Nanasi ni Chakula, si Biashara Tu

Ninyi walimaji, sikilizeni. Wengi kati yenu mnapanda mananasi. Yakiiva, mnayapeleka yote sokoni, na hata moja halibaki nyumbani. Jioni watoto wanakula bugali na sombe, au bugali na maharagi, bila tunda lolote. Fedha ni kitu kizuri. Lakini kwa desturi hii mnawanyima watoto wenu chakula kilichoota katika shamba lenu wenyewe. Basi someni hapa faida ya nanasi mwilini na namna ya kulila.

1. Nanasi lilitoka wapi?

Nanasi si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1493 Columbus na watu wake waliliona katika kisiwa cha Guadeloupe. Baadaye Wareno walilileta Afrika. Hata jina lake limetoka katika lugha ya wenyeji wa kule, likapita kinywani mwa Wareno mpaka kwetu.

2. Ndani yake kuna nini?

Katika gramu 100 za nyama ya nanasi, yaani kipande kimoja kinene, gramu 86 hivi ni maji na gramu 10 hivi ni sukari. Mna pia vitamini C, karibu miligramu 48. Kadiri hii huzidi au hupungua kwa aina ya nanasi. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, mtoto mdogo 30, mwanamke mwenye mimba 55, na mama anyonyeshaye 70. Basi kipande kimoja kinamtosha mtu mzima siku nzima.

Lakini tazama: nanasi lina proteini kidogo sana na mafuta karibu hakuna. Haliwezi kushika mahali pa maharagi, samaki au mayai. Ni mwenzi wa chakula, si chakula peke yake.

3. Vitamini C inafanya kazi gani?

Mwili wa mtu hauwezi kuitengeneza. Lazima ipatikane katika chakula. Inasaidia kujenga ngozi, ufizi na mishipa ya damu, na kufunga vidonda. Mtu akiikosa muda mrefu, ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea. Ugonjwa huu unaitwa kiseyeye. Zamani uliwaua mabaharia wengi. Mwaka 1747 mganga wa Kiskoti, James Lind, aliwapa wagonjwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu upesi.

Kazi ya pili ni kubwa kwetu sisi tunaokula majani na maharagi. Damu inahitaji chuma. Maharagi na majani ya mboga yana chuma, lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida, na kingi hupotea. Vitamini C ikikutana nacho tumboni, hukifungulia njia. Kwa hiyo nanasi lililiwe pamoja na maharagi, au mara tu baada yake. Likiliwa asubuhi peke yake, faida hii haipatikani.

4. Lile namna gani?

Kata nanasi lililoiva, linalonukia vizuri. Likikatwa bichi, rangi yake inaweza kugeuka nyumbani, lakini utamu hauongezeki. Nanasi bichi huumiza kinywa na tumbo.

Osha mikono, kisu na tunda kabla ya kumenya, maana uchafu wa ganda huingia ndani pamoja na kisu. Kula bila kupika, kwa sababu moto mrefu huharibu vitamini C. Ulimi ukikuwasha, usiogope: ndani ya nanasi mna kitu kinachokata proteini, kinaitwa bromelaini. Ndiyo sababu nyama iliyopakwa maji ya nanasi hulainika.

Mtoto asiyetimiza miezi 6 asipewe nanasi wala maji yake. Maziwa ya mama yanamtosha. Mwenye kisukari ale kidogo, akimwuliza mganga wake. Mwenye vidonda vya tumbo akiona linamchoma, aliache.

5. Maneno yasiyo ya kweli

Watu wengine husema: mwanamke mwenye mimba akila nanasi, mimba itatoka. Hakuna ushuhuda kwamba nanasi lililoiva, likiliwa kama chakula, hutoa mimba. Huyu ndiye anayehitaji damu kuliko wote, msimnyime.

Wengine husema nanasi ni dawa ya minyoo. Msilitegemee. Mtoto mwenye minyoo, au aliyepungukiwa na damu, apelekwe dispensari. Malaria pia humaliza damu, na nanasi haliiponyi.

6. Nyumba moja inahitaji mangapi?

Nanasi la kilo moja na nusu, likimenywa na kuondolewa kiini, hutoa nyama gramu 700 au zaidi kidogo. Hivyo ni vipande 7, yaani watu 7 kwa siku moja. Ukikata mananasi 20, ukiweka 3 nyumbani, bado 17 yatakwenda sokoni. Hasara ni ndogo, na watoto watapata sehemu yao.

Tena usipande yote mwezi mmoja. Chipukizi la nanasi huzaa baada ya miezi 15 mpaka 18 hivi. Ukipanda mstari mmoja kila baada ya miezi michache, mavuno hayatakuja yote kwa mara moja.

Kumbukeni maneno haya:

Weka sehemu ya nyumba kabla ya kuhesabu ya soko.
Kula nanasi lililoiva, lisilopikwa, lililooshwa.
Lile pamoja na maharagi au sombe.
Mpe mama mwenye mimba na watoto kwanza.