Paka Aliyefungiwa Ghorofani

Sisi tuliokulia Pwani hatukuzoea kumfungia paka. Lamu, kama katika Mji wa Kale wa Mombasa, paka ni wa mtaa mzima: huamkia baraza ya huyu, akala vichwa vya samaki kwa yule, na usiku akatembea juu ya mapaa. Tulipohamia Kayole tulimlea paka ndani, ghorofa ya nne, mlango umefungwa. Sababu tulikuwa nazo. Chini kuna matatu na bodaboda, kuna mbwa, na kuna panya waliolishwa sumu, ambao paka akiwala huenda akafa nao.

Mwezi haukupita akabadilika. Mchana kutwa alilala, usiku akalia mlangoni mpaka jirani akagonga ukuta, na mkeka wa ukindu tuliotumiwa kutoka nyumbani akauchana kwa kucha. Tukampiga. Leo twaona haya kulisema.

Akina mama, sote twaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Twaizoea kama habari ya njaa, na kumbe yataja mambo mawili: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Hatutoi fatwa, maana si kazi yetu. Ila tulipolitafakari lile la pili tuliona kuwa twampa omena kila siku, na windo tumemnyang'anya.

Paka huchangamka zaidi alfajiri na machweo, ndiyo saa zake za kuwinda. Basi kabla ya chakula cha jioni twafunga kitambaa kwenye uzi, twakiburura chini ya kiti kama panya anayekimbia, robo saa hivi, na mwisho twamwacha akikamate. Asiyekamata kitu hubaki na hamu yake. Kisha ndipo ale. Uzi wenyewe twautundika juu, kwani paka akiumeza huweza kumfunga matumbo.

Asubuhi omena twazificha katika trei tupu ya mayai, tukazifunika kwa vipande vya karatasi, naye hushughulika kuzifukua. (Ugali na maziwa havimtoshi, kwa kuwa mwili wake wahitaji nyama au samaki, na maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.) Mguu wa meza tumeuzungushia kamba ya katani, akanoe kucha hapo, na tangu siku hiyo mkeka umesalimika. Dirishani tumetia wavu imara na rafu ya ubao. Hukaa hapo akiwatazama mwewe na kunguru, meno yakimgongana kwa tamaa.

Karai la mchanga wake husafishwa kila siku. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka huweza kubeba vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo yamhusu paka, hata wa ndani. Na jirani akisema nyumba yenye paka haiswaliwi, mkumbusheni Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe.

Siku hizi adhana ya Magharibi ikisikika, paka wetu huketi chini ya msumari kilipotundikwa kile kitambaa, akingoja tumalize kuswali.