Tabia za mtoto zikizidi: pa kuanzia kutafuta tiba bila kutoboa mfuko

Wazazi wengi wa Mombasa wenye mtoto anayepiga wenzake kila siku, anayetoroka shule, au asiyeweza kutulia kitini wala kulala usiku, huona njia mbili tu mbele yao. Ya kwanza ni daktari wa kibinafsi anayetoza maelfu ya shilingi kwa kikao kimoja. Ya pili ni kuvumilia na kungoja mtoto akue. Ipo njia ya tatu, nayo huanzia katika zahanati ya karibu na nyumbani.

Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma za afya ya akili kwa wakazi wake, watoto wakiwemo. Kwa hivyo mzazi anayeuliza huduma hiyo katika hospitali ya umma haombi hisani. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, gharama za kutarajia na mahali ambapo fedha zinaweza kuokolewa.

Utundu au ugonjwa?

Kila mtoto ana siku zake za ukaidi. Mtoto wa miaka mitatu hujitupa chini sokoni, na kijana wa miaka 14 hujibizana na mamake. Hayo peke yake si ugonjwa. Wahudumu wa afya huangalia mambo matatu.

Kwanza ni muda. Tabia iliyodumu miezi sita au zaidi ina uzito kuliko iliyoanza juzi baada ya kuhama nyumba au kufiwa. Pili ni mahali. Mtoto anayesumbua nyumbani, shuleni na madrasa anahitaji kuangaliwa zaidi kuliko yule anayesumbua darasa moja tu la mwalimu mmoja. Tatu ni madhara. Je, tabia hiyo inamzuia kujifunza, kupata marafiki, au kuishi kwa amani na ndugu zake?

Jibu likiwa ndiyo kwa yote matatu, mzazi asisubiri. Shirika la Afya Duniani linasema karibu thuluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14. Mtoto aliyechelewa kusaidiwa hupoteza miaka ya shule, na wengi wao huishia kuitwa watukutu, wakapigwa, wakafukuzwa darasani, ilhali tatizo lao lingeweza kutambuliwa mapema.

Chanzo huenda kisiwe kile kinachodhaniwa

Tabia ni dalili, kama ilivyo homa. Kazi ya kwanza ya mhudumu wa afya ni kutafuta kilicho nyuma yake.

Kuna hali ya kukosa utulivu na umakini, maarufu kwa kifupi cha ADHD, ambapo mtoto hushindwa kutulia, kusubiri zamu yake au kumaliza kazi aliyoianza. Kuna usonji, ambapo mtoto hupata shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wenzake. Kuna huzuni na wasiwasi, ambavyo kwa watoto mara nyingi hujitokeza kama hasira.

Wakati mwingine chanzo ni cha mwili. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi kwa sababu hasikii anapoitwa. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha athari kwenye ubongo hata baada ya homa kuisha. Kifafa, ambacho wazee wa Pwani wamezoea kukihusisha na nyuni au mashetani, huandamana na matatizo ya tabia kwa watoto wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitumia dawa ipasavyo. Sumu ya risasi pia huharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia umakini. Wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, walioathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wanalijua hilo. Mzazi aliyewahi kuishi na mtoto karibu na shughuli za aina hiyo amweleze mhudumu ili afikirie kipimo cha damu.

Tena kuna yale yanayompata mtoto: kupigwa, kudhulumiwa kingono, kuwaona wazazi wakipigana, au kwa vijana, muguka na bangi. Mtoto aliyebadilika ghafla huenda ana siri aliyoshindwa kuisema.

Kabla ya kutoka nyumbani

Mambo mawili yafanywe mapema, na yote hayana gharama kubwa.

La kwanza ni kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Usajili ni bure na hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaani. Mzazi ahakikishe kila mtoto ameandikwa chini yake kama tegemezi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa atafutiwe mapema, maana familia nyingi hugundua kasoro hii zikiwa tayari kwenye foleni ya hospitali.

La pili ni daftari. Kwa wiki mbili, mzazi aandike kila siku tabia iliyomshtua: ilitokea saa ngapi, nini kilitangulia, ilidumu muda gani na iliishaje. Aandike pia mtoto alilala saa ngapi na alikula nini. Amwombe mwalimu wa darasa barua fupi. Daftari hilo na barua hiyo humwokolea daktari muda mrefu wa maswali, na humwokolea mzazi safari moja au mbili.

Ngazi kwa ngazi

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu. Huko huduma za msingi hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa yeyote aliyesajiliwa SHA, hata kama bado hajaanza kulipa michango. Muuguzi au afisa wa kliniki atampima mtoto, ataangalia masikio, macho, lishe na historia ya degedege, kisha ataamua kama anahitaji kupelekwa mbele.

Akihitaji, mzazi ahakikishe anapewa barua ya rufaa. Barua hiyo ndiyo inayomfungulia mlango wa ngazi inayofuata. Anayeruka zahanati na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa anaweza kurudishwa au kulipa zaidi.

Kwa wakazi wa Mombasa, huduma za afya ya akili zinapatikana katika hospitali ya Port Reitz, Changamwe, yenye kitengo cha magonjwa ya akili, na katika hospitali ya rufaa ya Coast General. Kliniki hizi huwa na siku maalumu. Kabla ya kupanda matatu kutoka Kisauni au kuvuka feri kutoka Likoni, mzazi amwombe mhudumu wa zahanati kuthibitisha siku ya watoto. Kesi chache ngumu zaidi hupelekwa hospitali za kitaifa, kama vile Mathari au Kenyatta jijini Nairobi.

Madaktari bingwa wa akili ya watoto ni wachache nchini. Kwa hivyo mzazi asivunjike moyo akikutana na muuguzi wa afya ya akili au afisa wa kliniki aliyesomea fani hiyo. Hao wamefunzwa kutambua na kutibu matatizo mengi ya watoto, na humwita daktari bingwa inapobidi.

Gharama na namna ya kuipunguza

Katika hospitali za ngazi ya nne kwenda juu, huduma nyingi hutegemea Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hukadiriwa mapato yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka kwa familia nzima. Malipo hayo hutolewa kwa mwaka mzima, na upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wasioweza kutoa zote mara moja.

Si kila kitu hulipiwa. Kabla ya huduma yoyote, mzazi aulize kwenye dawati la SHA hospitalini: hiki kinalipiwa, na kisipolipiwa ni shilingi ngapi? Kuuliza mapema kunazuia deni la kushtukiza.

Familia isiyoweza kulipa kabisa imwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za umma zina utaratibu wa kusamehe au kupunguza ada baada ya afisa huyo kutathmini hali ya familia. Ombi hili lifanywe kabla bili haijakua.

Gharama inayosahaulika ni nauli. Mtoto anayehitaji kuonwa kila mwezi anaweza kuila bajeti ya nyumba kwa safari tu. Baada ya daktari kuandika mpango wa matibabu, mzazi aombe nakala, kisha aulize kama ufuatiliaji wa kawaida unaweza kufanyika katika kituo cha karibu, akirudi kwa bingwa kila baada ya miezi kadhaa. Pale dawa inapohitajika, aombe iandikwe kwa jina la kawaida la kitabibu badala ya jina la kampuni. Tofauti ya bei dukani mara nyingi ni kubwa.

Matibabu huanzia kwa mzazi

Wengi hutarajia kutoka kliniki na tembe. Kwa watoto wengi wenye matatizo ya tabia, tiba ya kwanza ni mafunzo ya malezi kwa mzazi mwenyewe, nayo haina bei ya duka la dawa. Mzazi hufundishwa kutoa amri moja fupi kwa wakati mmoja, kumsifu mtoto papo hapo anapofanya vyema, kuweka saa maalumu za kula, kusoma na kulala, na kutekeleza adhabu ndogo isiyo ya kipigo bila kubadilika leo na kesho. Wote wanaomlea, baba, mama, nyanya na dada wa kazi, wafuate kanuni zilezile, la sivyo mtoto hujifunza kuchagua mlango ulio rahisi.

Kiboko hakitibu. Humfunza mtoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni.

Dawa zipo kwa baadhi ya hali, kama vile kifafa au ADHD kali, na huanzishwa na kufuatiliwa na mtaalamu. Mzazi asinunue dawa ya kumtuliza mtoto kwa ushauri wa jirani, wala asiikatize ghafla aliyoandikiwa. Familia inayotaka kuendelea na dua au maombi haikatazwi, mradi kliniki na dawa zisiachwe. Kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula au kumlazimisha kuvuta moshi ni dhuluma, hata kama anayefanya hivyo anajiita mganga.

Shule na madrasa

Mwalimu humwona mtoto kwa saa nyingi kuliko daktari. Mzazi azungumze na mwalimu wa ushauri nasaha na ustadhi wa madrasa, awaeleze mpango wa kliniki na kuomba mtoto akae mbele, apewe kazi fupifupi na mapumziko. Panapokuwa na shaka kwamba mtoto ana ulemavu wa kujifunza, kusikia au usonji, shule inaweza kumwelekeza kwa kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu, EARC, ambacho hupendekeza aina ya shule au msaada unaomfaa.

Mzazi aliyechoka asimtishe mtoto kwa polisi. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Wa kumwendea ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo, anayeweza kusuluhisha, kushauri na kuunganisha familia na huduma nyingine.

Pasiposubiriwa foleni

Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo akibadilika akili ghafla akiwa na homa, akipata degedege, akisema anasikia sauti zisizokuwepo, akikataa kula na kunywa kabisa, au akizungumzia kujiua. Silaha, dawa na sumu za nyumbani ziondolewe karibu naye, na asiachwe peke yake. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakiuka Katiba. Familia isimfiche mtoto kwa kuogopa mashtaka.

Kwa ufupi

• Sajili familia nzima SHA: *147#.
• Weka daftari la wiki mbili na barua ya mwalimu.
• Anza zahanati au kituo cha afya, na usitoke bila barua ya rufaa ikiwa mtoto anahitaji kupelekwa mbele.
• Uliza siku ya kliniki, kinacholipiwa, na afisa wa ustawi wa jamii.
• Mtoto anayedhulumiwa, au mtoto anayetaka kuzungumza na mtu: piga 116, bila malipo, saa 24.
• Ushauri nasaha kwa familia: piga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.