Hewa ya Chumba cha Kulala

Mazungumzo ya leo yahusu kitu ambacho kila mmoja wetu hukitumia mchana na usiku, wala hakinunui sokoni: nacho ni hewa. Nataka tutazame jinsi hewa ya nyumbani inavyogeuka pale tunapojitafutia joto wakati wa baridi, au ubaridi wakati wa joto. Nitaanza na habari iliyonipata mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha jambo hili kabla ya kitabu chochote.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ulifika mwezi wa Julai wenye baridi kali. Watu wa Njombe na Mbeya waijua baridi hiyo. Kuna asubuhi ambapo majani huwa meupe kwa sakitu. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja. Jioni moja mwenzetu aliomba jiko la makaa kwa mpishi. Tukalipepea nje mpaka moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu yote. Ndipo tulipoliingiza ndani, tukafunga dirisha, tukaziba kwa gunia nafasi iliyokuwa chini ya mlango. Tulijiona watu wenye akili, maana hatukuacha hata moshi kidogo kuingia nasi.

Karibu na alfajiri niliamka kichwa kikiniuma vibaya. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikaufungua, nikaanguka nje kwenye majani ya baridi. Mwalimu wa zamu alinikuta hapo nikitapika. Wenzangu walitolewa mmoja mmoja. Wawili walizinduka baada ya muda. Wa tatu alipelekwa hospitali, akakaa siku mbili bila kusema neno. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mwaka mzima alikuwa akisahau majina ya watu aliowajua tangu utoto.

Kulipokucha habari zilienea. Wengine walisema tumerogwa. Wengine walimshuku mpishi kwamba ametia kitu katika chakula, na maskini yule hakuthubutu kuonekana siku nzima. Ndipo mwalimu wetu wa sayansi alipotukusanya, akauliza maswali mawili tu: “Chakula cha jana kiliwa na nani?” Tukajibu, “Na wanafunzi wote.” “Basi ni kitu gani kilichokuwamo katika chumba hiki kisichokuwamo katika vyumba vingine?” Sote tukalitazama lile jiko. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa majivu.

Wasikilizaji, jiko lile lilifanya nini? Moto hauwezi kuwaka bila oksijeni, nayo ni karibu sehemu moja katika kila sehemu tano za hewa. Wanafunzi mwaweza kujionea: washeni kipande kidogo cha mshumaa, kisha kifunikeni kwa bilauri. Baada ya muda mfupi utazimika, ijapokuwa nta na utambi vingali vipo. Moto hushindana nasi kwa chakula kilekile cha pumzi.

Lakini kuna ubaya mkubwa kuliko huo. Makaa yanapopata oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dioksidi, yaani gesi ileile tuitoayo sisi kwa pumzi. Yasipopata ya kutosha hutoa gesi nyingine, iitwayo kaboni monoksidi, nayo ni sumu kali. Tazameni jinsi inavyozaliwa. Hewa huingia chini ya jiko, nayo makaa ya chini hutoa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu ya juu, hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kuwa kaboni monoksidi. Ule mwali mdogo wa rangi ya samawati ambao huchezacheza juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Isiyoungua huingia chumbani.

Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozeshi. Wahenga walisema, “Panapofuka moshi pana moto.” Lakini hawakusema ya kuwa pasipofuka moshi pana salama. Kosa letu usiku ule lilikuwa hilo: tuliuogopa moshi unaoonekana, tukalala na sumu isiyoonekana.

Ikiingia mapafuni, sumu hiyo hupita mpaka katika damu. Chembe nyekundu za damu ni kama wachukuzi. Kazi yao ni kubeba oksijeni na kuipeleka katika ubongo, moyo na viungo vyote. Kaboni monoksidi hung'ang'ania chembe hizo kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mchukuzi aliyekwisha kutwikwa mzigo hana mahali pa kutia mzigo mwingine. Basi mtu huvuta pumzi kama kawaida, kifua chapanda na kushuka, na kumbe mwili wake wakosa oksijeni. Kwanza huumwa na kichwa, kisha huona kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Na kwa kuwa amekwisha kulala, hana wa kumwonya.

Msidhani ya kuwa taa itawaonya. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na taa, nayo taa yaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo mtu azimia kwa gesi hii. Kwa hiyo mtaalamu mmoja, John Scott Haldane, katika miaka ya 1890, aliwashauri wachukue wanyama wadogo chini ya ardhi. Ndege mdogo aitwaye kanari hupumua upesi kuliko mtu, hivyo huanguka kwanza, na wachimbaji hupata nafasi ya kukimbia. Kanari hao walitumika katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, mashine za kupima gesi ziliposhika kazi yao. Sisi usiku ule hatukuwa na kanari wala mashine.

Labda mzee mmoja atauliza: “Mwalimu, baba zetu walilala na moto miaka yote, mbona hawakuisha?” Swali hilo ni la haki, nalo lataka jibu. Nyumba za zamani zilipumua. Paa la nyasi lina vitundu vingi mno, na aghalabu palikuwa na nafasi kati ya ukuta na paa. Moshi ulipanda, ukakausha mahindi yaliyowekwa darini, ukafukuza wadudu walao nyasi na miti, kisha ukatoka polepole. Siku hizi wengi wetu tumejenga kwa matofali, tumeezeka kwa bati, tumetia dari na madirisha ya vioo. Hayo ni maendeleo mema. Lakini nyumba imebadilika, na moto ni uleule. Tumeziba njia zote za hewa, kisha tukauacha moto ndani.

Wala tusisifu kupita kiasi moshi wa zamani. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, nazo huingia ndani kabisa ya mapafu. Huleta kikohozi kisichokwisha kwa mama apikaye, huharibu macho, na huwazidishia watoto wachanga hatari ya ugonjwa wa mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 1 tu, yaani 2020, watu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya hewa chafu ya majumbani, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawakutimiza miaka mitano.

Basi tufanyeje, nasi baridi haitusikilizi? Shauri la kwanza ni hili, nalo halina mlango wa nyuma: usilale na jiko la makaa chumbani, hata kama makaa yamefunikwa kwa majivu, hata kama hakuna moshi, hata kama umeacha dirisha wazi kidogo. Wengine huweka bakuli la maji karibu na jiko wakidhani maji yatainywa sumu. Maji hayawezi kuiondoa gesi hiyo. Ukitaka kuota moto, ota jioni hali mlango na dirisha viko wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala. Usiku jisaidie kwa blanketi, au kwa chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Jenereta nayo isiwekwe ndani wala karibu na dirisha, kwa kuwa moshi wake una sumu hiyohiyo.

Shauri la pili ni kwa mwenye kujenga. Moto wa ndani wataka dohani, yaani bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Na kila chumba chataka njia mbili za hewa: moja ya chini kwa kuingilia, nyingine ya juu kwa kutokea, maana hewa ya moto hupanda. Wanafunzi, chukueni kijiti cha udi kinachofuka, mkishike karibu na tundu la chini, kisha karibu na tundu la juu. Moshi wake utawaonyesha hewa inakokwenda. Wahenga walituonya ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni kweli kwa ukuta unaopasuka. Lakini tundu la hewa si ufa; ni mlango. Ukiogopa mbu, tia wavu, ukiogopa mwizi, tia nondo, lakini usilizibe.

Shauri la tatu: ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye moto, fungua mlango na madirisha upesi, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali bila kukawia, hata akisema amepata nafuu. Asipopumua, apuliziwe pumzi na mtu anayejua kazi hiyo. Maziwa hayafai kitu hapa, kwa kuwa sumu imo katika damu, wala haimo tumboni. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu kwa muda wa saa nne au tano hivi. Hospitalini, akivutishwa oksijeni tupu, muda huo hupungua sana, ukawa kama saa moja au moja na nusu.

Sasa tushuke pwani, ambako adui ni joto. Mafundi wa kale wa Unguja, Lamu na Mombasa walijua kupoza nyumba bila mtambo wowote. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na ua katikati ya nyumba. Upepo wa kusi au wa kaskazi ulipita ndani, ukatoka. Ubaridi wao na hewa safi vilikuja pamoja.

Siku hizi twatumia feni na kiyoyozi. Feni huikoroga hewa iliyomo tu. Haileti mpya, ila dirisha likiwa wazi. Kiyoyozi nacho kina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1902 Willis Carrier wa Marekani aliunda mtambo kwa ajili ya nyumba moja ya kupigia chapa huko Brooklyn. Haukuwa kwa faraja ya watu: unyevu wa hewa ulikuwa ukiharibu karatasi, nao mtambo ulikuwa wa kuondoa unyevu huo. Viyoyozi vingi vya ukutani tunavyoviona leo huivuta hewa ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha ileile. Watu watano wakilala humo hali madirisha yamefungwa, watapeana pumzi zao mpaka asubuhi, na mwenye kifua kibaya atawagawia wenzake.

Jambo hili la pumzi laweza kupimwa. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mtaalamu wa mji wa München huko Ujerumani, alionyesha ya kuwa kaboni dioksidi ya pumzi ni kipimo cha hewa ya chumbani. Alisema isizidi sehemu moja katika sehemu 1,000. Hewa ya nje siku hizi ina kama sehemu nne tu katika 10,000. Wewe usiye na mashine una pua: asubuhi toka nje kidogo, kisha rudi chumbani. Ukiona hewa ni nzito, chumba hicho kimekosa njia. Fungua dirisha kila siku, na kichungio cha kiyoyozi kisafishwe mara kwa mara, kwa kuwa vumbi na unyevu vikikaa pamoja huzaa kuvu.

Wasikilizaji, mwaona sasa ya kuwa joto na ubaridi ni mambo ya ngozi, lakini hewa ni jambo la uhai. Ngozi hulalamika upesi. Hewa mbaya huja kimya. Kwa hiyo usiku wa leo, kabla hujazima taa, jiulize maswali mawili: hewa yaingia wapi, na hewa yatoka wapi? Ukikosa jibu, inuka ukafungue. Na kama kuna jiko la makaa chumbani, litoe kwanza, ndipo ulale.

Kwaherini.