Mbweha na Kuku Aliyelala Nje



Mama mmoja wa karibu na Kitale alihesabu kuku wake asubuhi, akakuta wawili hawapo. Mlango wa banda ulikuwa mzima. Wale wawili hawakuingia jioni. Walilala nje, kwenye rundo la mabua ya mahindi. Usiku mbweha akapita.

Tumjue mwindaji huyu. Mbweha mwenye mstari mweupe ubavuni hupenda nchi yenye mvua na vichaka, kama hii yetu ya Kitale na Bungoma, na hukaa hata kando ya mashamba. Hutoka usiku, peke yake au na mwenzake. Hategemei sana mbio. Hutembea polepole, pua chini, masikio juu. Akisikia panya akichakura majanini husimama kimya, kisha huruka juu na kumwangukia kwa miguu ya mbele, akamuuma. Hula pia wadudu, matunda yaliyoanguka na mizoga. Basi tusimchukie bure: panya anaowala ndio wale wanaomaliza mahindi yetu.

Ndugu yake mwenye mgongo mweusi, akaaye nyikani kama kule Serengeti, ana werevu zaidi. Dume na jike huishi pamoja miaka mingi, na huwinda pamoja. Wakimwona swala mwenye mtoto mchanga, mmoja humchokoza mama. Mama humfukuza kwa pembe, hasira zikimpeleka mbali. Wakati huo yule wa pili humchukua mtoto aliyefichwa majanini. Mama hakulala usingizi wala hakuwa mvivu. Alishughulishwa tu.

Wazazi wenzangu, je, si ndivyo tunavyowapoteza watoto wetu? Tunafukuzana na deni, na kesi ya shamba, na maneno ya jirani, na nyuma yetu mtoto yuko peke yake.

Katika Luka sura ya 13 Bwana Yesu alimwita Herode mbweha. Mistari miwili baadaye alijifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga wake chini ya mabawa, nao wakakataa. Kuku hana meno wala makucha ya kumshinda mbweha. Ana mabawa yake tu, na mwili wake.

Jioni hii, kabla ya kufunga mlango, hesabu walio ndani. Kisha mwite kwa jina yule aliye nje.

Bwana awabariki.