MWOGESHE MBWA WAKO, UWALINDE WATOTO WAKO

Ndugu msomaji, mbwa ni mlinzi wa nyumba. Usiku hubweka mwizi akija. Shambani hufukuza nyani wasile mahindi. Mchana hushinda na watoto. Watoto humshika, hucheza naye, kisha hula bila kunawa. Hivyo uchafu wa mbwa huingia kinywani mwa mtoto.

Mbwa mchafu hubeba nini?

Hubeba viroboto na kupe. Viroboto huuma watu pia. Kupe hunyonya damu ya mbwa na kumwambukiza magonjwa.

Tena, katika manyoya yake huweza kunata mayai ya tegu. Tegu ni mnyoo anayekaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Ni madogo mno, hayaonekani kwa macho. Mtu akiyameza, uvimbe wenye maji huweza kuota katika ini au mapafu yake. Uvimbe huo hukua polepole kwa miaka mingi. Ugonjwa huu umeonekana kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, na wa Ngorongoro, Tanzania.

Usitumie dawa ya shamba

Wako watu wanaompaka mbwa dawa ya kunyunyizia pamba au kahawa ili kuua viroboto. Wengine humpaka mafuta ya taa. Hii ni hatari. Dawa ya shamba ni sumu. Hupenya katika ngozi, na mbwa akijilamba huimeza. Hutokwa na mate mengi, hutetemeka, na huweza kufa. Mtoto akimshika mbwa huyo, sumu humpata naye. Dawa ya josho la ng'ombe pia usiitumie kwa mbwa bila kuelekezwa na Bwana Mifugo.

Namna ya kumwogesha

Tayarisha ndoo mbili za maji, sabuni ya kipande, kopo, kamba na kitambaa kikuukuu. Usitumie sabuni ya unga, maana huwasha ngozi.

1. Chagua siku ya jua, kama saa nne asubuhi, ili akauke kabla ya jioni.
2. Mfunge mbali na kisima au mto. Kazi hii ifanywe na mtu mzima ambaye mbwa amemzoea.
3. Mtafute kupe masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Mshike kupe karibu na ngozi kwa kibanio au kitambaa, umvute polepole. Usimpasue kwa vidole. Mtie katika kopo lenye mafuta ya taa.
4. Anza kupaka sabuni shingoni, kuizunguka yote. Ukianza mgongoni, viroboto hukimbilia kichwani na kujificha masikioni.
5. Sugua mgongo, tumbo, miguu na mkia. Acha povu kwa dakika chache.
6. Kichwa kifute kwa kitambaa chenye maji. Sabuni isiingie machoni, wala maji masikioni.
7. Msuuze mpaka povu liishe. Mkaushe.
8. Nawa mikono yako kwa sabuni. Fua kile kitambaa.

Mara moja kwa mwezi yatosha. Usimwogeshe mbwa mgonjwa, wala mtoto wa mbwa ambaye bado ananyonya.

Safisha na malalo yake

Mayai ya viroboto huanguka chini pale mbwa anapolala. Ukimwogesha mbwa ukaacha malalo, viroboto watarudi. Fagia kila siku. Magunia anayolalia yafue na kuyaanika juani.

Maji hayatoshi

Kuogesha huondoa uchafu wa nje tu. Tegu yumo tumboni. Mwombe Bwana Mifugo dawa ya minyoo ya mbwa. Ukichinja, usimtupie mbwa maini au mapafu mabichi. Humo ndimo anamopata tegu. Yafukie chini sana au yachome moto.

Kuogesha hakuzuii kichaa cha mbwa. Chanjo ndiyo huzuia. Mpeleke mbwa wako achanjwe kila mwaka. Ukimwona mbwa amebadilika tabia, anauma ovyo, au anatokwa na mate na hawezi kumeza, usimguse. Mwarifu Bwana Mifugo upesi.

Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Asingoje kuona dalili. Dalili za kichaa zikitokea, huwa hapana tena dawa ya kuponya.

Ndugu msomaji, sabuni ya kipande si ghali. Anza na mbwa wako wiki hii.

Jadilianeni darasani:
1. Kwa nini dawa ya pamba isipakwe mbwa?
2. Kwa nini tunaanza kupaka sabuni shingoni?
3. Kijijini kwetu mbwa wangapi wamechanjwa mwaka huu?