Bastola ya kambo: turudishe vipande vyake ao tuache?



Jamaa moja ya Katuba ilikuja ku biro yetu ya sendika. Baba yao, mfanyakazi wa zamani wa mgodi, amefariki. Mu sanduku lake la chuma, chini ya makaratasi ya pensheni, walikuta bastola ndani ya kitambaa. Kambo yao ndiye aliyeiacha. Walituletea picha tu mu telefone, na walifanya vizuri: kintu kama ile haitembezwe mu njia.

Ubavuni imeandikwa Fabrique Nationale, Herstal, na jina la Browning. Ni modeli ya 1900, ya masasi ya milimeta 7,65. Aliyeichora ni John Moses Browning, fundi wa Marekani. Kampuni ya Herstal, karibu na Liège, ilianza 1889 kwa kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji. Hii yao haina resori, na bamba moja la mshikio lilipotea. Kambo alichonga lingine la mbao.

Kijana mkubwa anasema: "Mu intaneti banauzisha pièces za mwanzo. Tuirudishe vile ilitoka Ulaya, itapata bei." Dada yake akamjibu: "Yaya, ile mbao ni mkono wa kambo. Utaitupa wapi?"

Sisi hatutengenezi silaha, lakini chuma tunakijua. Bastola ya zamani imepigwa namba yake. Kipande kilichotoka mu bastola nyingine hakikuzaliwa nayo, hata kama kinafanana. Kwa hiyo "kuirudisha" mara nyingi ni kuchanganya mbili. Na ukiisugua na msasa ingae, unafuta maandishi na rangi yake nyeusi. Wenye kukusanya vitu vya kale wataona paka mara moja, na bei itashuka.

Tena kuna jambo la resori. Mu modeli ya 1900, resori moja inafanya kazi mbili: inarudisha chuma cha juu mbele, na inasukuma pia sindano inayopiga risasi. Basi ukinunua resori, haununui pambo. Unaamsha silaha.

Hapa wana wa wachimbaji tusisahau. Tarehe 9 Desemba 1941, hapa hapa Lubumbashi, wakati huo Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa mu mgomo wa mshahara walikusanyika ku uwanja wa mpira. Askari walipiga risasi. Makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina la wenzake. Silaha za wakati ule zilitengenezwa vizuri sana. Kwetu, uzuri ule una deni.

Na sheria iko: ordonnance-loi 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa ya kushika silaha. Kusema "ni ya kambo" si mukanda wa ruhusa. Mutoto wa mfanyakazi akikamatwa nayo, nani atalipa avocat? Ni mama mjane.

Basi tuliwashauri hivi. Kwanza, muone avocat, yeye awaongoze namna ya kuitangaza kwa serikali, mbele ya kuihamisha. Pili, msinunue resori. Tatu, mbao ya kambo ibaki palepale. Bamba la kiwanda lilitengenezwa kwa maelfu. Ile ya kambo ni moja tu duniani. Mkiruhusiwa, mpanguse vumbi na mafuta kidogo kwa kitambaa, basi. Kama hamuruhusiwe kuishika, muulize kama Musée national de Lubumbashi inaweza kuipokea kwa njia ya sheria, na historia ya kambo iandikwe kando yake.

Yaya alinyamaza kwanza. Halafu akauliza: "Na kama wataichukua yote?"

Dada akasema: "Tutaomba watuachie mbao."

Siku ya kwanza wanakwenda kwa avocat. Mmoja wetu atawasindikiza.