Treni Inapogeuza, Dakika Zinakwenda Wapi?

Treni ya mjini ikifika mwisho wa njia, watu hushuka, wengine hupanda, kisha treni hukaa robo saa nzima kabla ya kurudi ilikotoka. Abiria wengi humlaumu dereva, na wanamwonea. Treni inayovutwa na kichwa, mtindo uliotumika Dar es Salaam huduma ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, haigeuki kama daladala. Kichwa hufunguliwa, hupita reli ya pembeni hadi upande wa pili, hufungwa upya, na mabomba ya hewa ya breki huunganishwa. Kisha hewa hujazwa, breki hukamatishwa na kuachiwa, na lazima ihakikishwe kwamba hata behewa la mwisho linatii. Hapo pasiharakishwe hata kidogo. Tarehe 27 Juni 1988, treni ya vitongojini iliyokuwa ikielekea Paris ilisimamishwa njiani na abiria aliyevuta breki ya dharura. Katika kuiachilia breki hiyo, koki ya bomba la breki ikafungwa kimakosa. Treni ikaondoka bila mtu kugundua kwamba sehemu kubwa ya mabehewa haina breki, ikaigonga treni iliyosimama katika kituo cha Gare de Lyon, na watu 56 wakafa.

Utauliza: mbona hata treni zenye chumba cha dereva pande zote mbili hukawia? Dereva hufunga chumba kimoja na kutembea hadi kingine. Kwa treni ya mita 200 ni kama dakika tatu, tena akipenya katikati ya watu. Penye reli moja, husubiri pia mwenzake anayekuja apishe njia. Na sehemu ya muda huo ni akiba: treni iliyochelewa dakika tano huweza kuondoka kwa wakati, la sivyo ucheleweshaji wa asubuhi ungefika jioni.

Hata hivyo, kusubiri kunaweza kupunguzwa. Kituo cha Brixton, London, kina reli mbili tu za kugeuzia, lakini tangu 2017 treni 36 huondoka kwa saa nyakati za msongamano, na moja ya sababu ni kwamba dereva mwingine huwa anasubiri upande wa pili treni inapoingia. Kwa hiyo tusimkimbize dereva. Tudai reli ya pili, treni zenye vyumba viwili vya dereva na madereva wa kutosha wa zamu; huko ndiko dakika zetu zilikokwama.